Mwambie Afande Amekataa

Hebu fikiria umesimama nami kwenye kaunta ya kituo cha polisi hapa Machakos. Nje, uani, yamejaa magari yaliyokamatwa kwa sababu madereva hawakuwa na leseni. Mbele yetu yuko mama mmoja wa Kathiani, aliyekuja kwa ajili ya pikapu ya marehemu mumewe. Mwanawe ndiye aliyekamatwa nayo.

"Mwaitu, mama yetu, mambo ya korti yameisha," askari akamwambia. "Chukua gari yako uende."

Mama akaweka ufunguo wa pili juu ya kaunta, akausukuma kwa kidole. "Sikuja kuichukua. Nimekuja kuomba uiweke mpaka apate leseni."

Askari akacheka. "Wengine hulia niachilie gari, wewe unalia niishike! Si ni yako? Mkataze."

"Nikimkataza ananiambia baba yake angemruhusu. Na ni zile kona za kwetu zilimmaliza baba yake. Wewe, afande, hawezi kukuambia hivyo."

Askari akavua kofia, kisha akautundika ule ufunguo ukutani, kando ya ule uliokamatwa pamoja na gari.

"Akiuliza, mwambie afande amekataa."

Tumezoea kuwanung'unikia polisi wa barabarani, na mara nyingi tuna sababu. Lakini siku kijana akimlaani mbele yako askari aliyemnyima gari, nakuomba ukumbuke jambo moja: huenda aliyeomba anyimwe ndiye anayempikia chakula cha jioni.