Mayai ya Ganda Jembamba

Maabarani walimwita Mama Mayai, naye hakujaliwa kuzaa hata mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alitunza nondo wa hariri, hasa ukoo mmoja ambao mayai yake yana ganda jembamba kama utando wa maziwa. Ukiyanyima pamba iliyoloweshwa maji asubuhi na jioni, yanakauka, kwisha habari.

Profesa alimweleza mara chungu nzima: jeni zinazotengeneza protini za ganda zilikuwa moja tu hapo kale. Ikajinakili, nakala nazo zikajinakili, kila moja ikashika njia yake.

"Ni ndugu hao," alisema. "Katika ukoo huu mmoja ameharibika. Mwenzake anajitahidi kuziba pengo, ila hatoshi."

Mama Mayai naye alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, mdogo wake wa kike. Jumatatu mdogo mtu akalazwa, mapafu. Jumatano akapiga simu.

"Dada, njoo."

"Mdogo wangu, yanaanguliwa Ijumaa. Nikiondoka sasa ukoo wote umekwenda."

"Mayai, mayai! Si ukae uyaatamie kabisa!" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Haya bwana. Ijumaa basi."

Sasa kwa nini asimwachie mtu? Jamani, ndilo swali linalomla hadi leo. Aliwahi kumwachia mwenzake siku mbili, pamba ikalowa chapachapa, ukungu ukatafuna nusu ya mayai. Tangu hapo aliikamua mwenyewe kwa vidole mpaka ibakize unyevu wa kutosha tu, na hakumwamini mtu mwingine.

Ijumaa saa tatu asubuhi viwavi wakaanza kutoka, weusi, wadogo kuliko punje ya mchele. Arobaini na mmoja! Haijawahi kutokea. Profesa alipiga makofi, lakini Mama Mayai alikuwa keshafika getini, koti la maabara bado mwilini.

Wodini alikuta kitanda kimetandikwa upya.

"Wewe ndiye dada yake?" nesi akauliza polepole. "Pole sana, mama. Ametutoka alfajiri. Jana hali ilipobadilika tulitaka kukupigia, akatukatalia katakata."

"Akatae kwa nini?"

"Alisema, 'Mwacheni dada yangu, ana watoto wachanga.'"

Alikaa pale kitandani akalia kwa sauti, wodi nzima ikimtazama, akiyachukia yale mayai yote arobaini na moja.