Kipengele cha Saba

Kuna kazi ambazo mtu akikutajia unaitikia kwa adabu tu, halafu unamuuliza habari za watoto. Kazi ya Bwana Nukta ilikuwa ya namna hiyo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, chumba cha mwisho ukishapita mashine, penye meza moja, taa mbili na dirisha lisilofunguka. Sheria yoyote iliyotoka Bungeni ilipita kwanza chini ya rula yake, ndipo ikachapwa.

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti maandishi yaliyoletwa, yote, hata alama: mkato, nukta, fungua mabano, funga mabano. Mwenzake anafuata kwenye karatasi ya chapa, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi. Aliyemsomea yeye ni mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, na Shangazi ndiye aliyembandika lile jina. Maana bwana huyu alizizoea alama mpaka nyumbani. Akishasema lake husema "nukta," na watoto wakajua hapo hakuna cha kuongeza.

Wawili hao walishasoma sheria za samaki, za mizani, za mbwa wasiochanjwa. Hakuna hata moja iliyowahi kumfuata Bwana Nukta mpaka kwake, hadi ilipokuja ile ya matibabu kwa wote.

Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Mwaka wa pili huo figo zake zilikuwa zimegoma. Daktari alitaka awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Uwezo wao uliishia mara moja. Kufika siku ya sita miguu ilikuwa imejaa, viatu havipiti, na kutoka kitandani hadi kwenye cherehani ilikuwa safari ya kupumzika njiani.

Sasa, rasimu ya sheria ile ilikuwa na Jedwali la Pili, orodha ya maradhi kumi na mawili ambayo mwananchi yeyote angetibiwa bila kutoa chochote. Figo zilikuwa kipengele cha saba. Bwana Nukta alikuwa amekula kiapo cha kutosema nje kilicho chini ya rula yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kukivunja. Siku hiyo alikivunja kabla hajavua viatu.

"Umo," alimwambia mkewe. "Namba saba."

"Miaka yote mimi mkeo, leo nimekuwa namba?"

Lakini alicheka, na kuanzia hapo akawa anajiita hivyo mwenyewe. Namba Saba anataka maji ya moto. Namba Saba amekataa kufua. Akaanza hata kupokea vitambaa vya wateja na kuwapangia tarehe za mbali, jambo ambalo alikuwa ameliacha muda mrefu.

Bungeni huko mambo yalivutana miezi minne. Waziri wa afya, mama ambaye watu walimwona akilia hadharani kwa ajili ya sheria ile, hakuwa na kura za kutosha. Chama kimoja kidogo chenye viti kumi na tisa kilijua hilo, kikakaa pale kama mtu aliyeshika ufunguo na hana haraka. Nyuma yake walikuwepo wenye viwanda, na hao hoja yao ilikuwa moja: orodha ni ndefu. Mwishowe wakakutana hotelini siku mbili mfululizo, wakatoka wakishikana mikono. Waziri alisema wameanza na walichokubaliana, mengine yatafuata kwa wakati wake. Redio ikayaita hayo maridhiano, ikalirudia neno hilo kutwa nzima.

Kesho yake asubuhi karatasi ya marekebisho ililetwa kiwandani. Yalikuwa arobaini na moja. Shangazi alikuwa akisoma, Bwana Nukta akiweka alama, mpaka wakafika la thelathini na tatu.

"Katika Jedwali la Pili, mkato, futa kipengele cha saba, mkato, panga namba upya, nukta."

Kalamu haikushuka. Shangazi alimwangalia juu ya miwani. Alikuwa akiijua habari ya mke wa mwenzake kama anavyozijua za nyumbani kwake. Aliinuka, akaurudisha mlango, akaketi tena.

"Baba," alisema polepole, "macho yangu leo yana ukungu. Nikiruka mstari mmoja nani atanilaumu, na uzee huu?"

Hakuwa anatania. Miaka ya nyuma mstari mmoja wa sheria ya samaki, uliotakiwa kufutwa, ulisahauliwa mezani pale pale, ukaishi miezi kumi na minne kabla mtu hajauona. Hospitali zingefuata kilichochapwa. Miezi kumi na minne ya mashine, mara mbili kwa wiki. Bwana Nukta aliiona yote kwa mpigo.

Lakini alikumbuka na mwisho wake. Siku mstari ule ulipogunduliwa, mahakama iliisimamisha sheria yote, siyo mstari peke yake. Na hii ya sasa ilikuwa na watu wanaoinyemelea, wanatafuta hata tundu la sindano wapitie. Likipatikana, wanarudi wote na viti vyao kumi na tisa, na hapo hakuna mzazi wa kujifungua bure, hakuna mtoto wa kutibiwa homa, hakuna kitu. Hayo aliyawaza. Aliwaza pia kwamba chini ya karatasi kuna nafasi ya sahihi yake, na kwamba amebakiza miezi minane astaafu. Lipi lilitangulia kichwani, yeye mwenyewe hakujua, na mimi sitamsemea.

"Soma, Shangazi," alisema.

"Nimeshasoma."

"Soma tena."

Akasoma tena, sauti imempungua, na alama zote. Bwana Nukta akaweka rula, akapitisha wino mwekundu juu ya maneno manne ya kipengele cha saba, kisha akaanza kupanga namba: nane ikawa saba, tisa ikawa nane.

Hakutaka mkewe aipate habari hiyo redioni. Alirudi mapema, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akamweleza mwanzo hadi mwisho, pamoja na Shangazi na mlango uliorudishwa. Mwingine angelinyamazia hilo. Ila alikuwa mtu wa kutoruka mstari.

Mkewe aliiomba nakala ya chapa aliyokuja nayo. Akaisogeza dirishani, akaikagua kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine.

"Saba hapa pameandikwa mifupa iliyovunjika."

"Namba zimepangwa upya. Ndivyo inavyotakiwa."

"Hata pengo hamkuacha," alisema mkewe.

Kisha akamuuliza kama aliufuta mstari kwa ajili ya wazazi na watoto wa watu, au kwa ajili ya pensheni. Lile neno la Bwana Nukta la kumalizia mazungumzo lilikuwepo, ila hakuwa na uso wa kulitamka. Mkewe aliikunja karatasi na kumrudishia. "Kesho ni siku yangu ya mashine," alisema. "Utanipeleka au nijipeleke?"

Kwa wiki tano zilizofuata alimpeleka, akiomba ruhusa kazini. Wiki ya sita sheria ilianza kutumika, na walipofika hospitali walikuta benchi za nje zimejaa wajawazito, wengi hawajawahi kukanyaga pale. Watu walishazoea kutaja maradhi kwa namba ya sheria. Binti mmoja mwenye tumbo kubwa alipoona miguu ya yule mama, akasogea ampishe.

"Kaa, mama. Mimi namba moja. Wewe namba ngapi?"

"Mimi sina namba, mwanangu."

Binti aliona haya, akatafuta la kumfariji. Akasema labda wataongezwa mwakani, kwani hao walioitengeneza sheria walionyesha utu. Yeye mimba ya kwanza alijifungulia sakafuni kwa jirani, na mtoto hakupona.

Mke wa Bwana Nukta alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya goti la binti. Kisha akageuza uso kwa mumewe, aliyekuwa amesimama na risiti ya malipo.

"Mmoja wao huyu hapa," alisema. "Sheria yako imepita mikononi mwake. Mshukuru."

Hakukuwa na mzaha usoni mwake, na binti hakuwa na sababu ya kuutafuta. Aliinuka kwa shida, ameshikilia mgongo, akaunyosha mkono wa kulia na kuuegemeza kwa wa kushoto. Bwana Nukta aliitia risiti mfukoni, akaupokea.