Nilijifunzia Kumimina Temeke

Nilifika Temeke nimeachika, nina sanduku moja la bati, na shangazi yangu hakuniuliza kitu. Alinipa uji, akanionyesha pa kulala. Asubuhi yake akanipeleka uani kwenye mapipa yake ya pombe. "Hapa hatulii, mwanangu," alisema. "Hapa tunachuja."

Shangazi alikuja mjini kutoka kwetu Songea akimfuata mumewe, kuli wa bandarini. Mume alipofariki akabaki na kazi aliyofundishwa na mama yake: kupika komoni, pombe ya mahindi na ulezi. Aliiuza kilabuni, kwenye banda kubwa la mabati lililojengwa na serikali ili wanywaji wote wakae mahali pamoja wakionekana. Kila mama alikuwa na meza yake na pipa lake. Kilabu kilifunguliwa mchana, na jua likianza kuzama askari alipuliza filimbi, watu wakatoka wakinung'unika.

Miezi ya kwanza nilikuwa mwoga. Nilimimina nimeinamisha kichwa, na shangazi alinifinya ubavuni. "Mtazame mtu kwanza, ndiyo utazame kopo. Pombe wanauza wote humu ndani."

Sikumwelewa mpaka Jumamosi moja alipoingia kuli mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Kawaida yake alianza kusalimia tangu mlangoni, meza hadi meza, akitania kila mtu. Siku ile alikuja moja kwa moja akakaa, akaomba kopo kubwa. Nilichovya kata. Shangazi akanishika mkono, akachukua mtungi wa togwa tuliyowawekea wasiokunywa pombe, akammiminia ile.

Yule bwana alionja, akainua macho. "Mama, hii togwa."

"Najua."

"Nimeomba pombe mie."

"Najua, baba. Kunywa hiyo kwanza, halafu uniambie nani kafa."

Aliweka kichwa mezani akalia. Asubuhi ile alikuwa amesomewa barua: mwanawe wa kwanza amezikwa kijijini, wiki mbili zimepita. Shangazi alizunguka meza akakaa naye kwenye benchi, akaniachia wateja wote. Ndiyo siku ya kwanza niliyouza peke yangu. Nilimwaga nyingine chini, nikampa mmoja kopo la mwenzake, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakimtazama yule bwana na shangazi yangu, wakinong'ona tu.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza amejuaje. "Mtu wa salamu nyingi akija kimya, usimpe kali," alisema.

Miaka ikapita. Sheria ikalegezwa, Waafrika tukaruhusiwa bia ya chupa, iliyokuwa ya Wazungu na wachache wenye vibali. Mzee mmoja, karani mstaafu, akafungua baa Kinondoni: sakafu ya saruji, kaunta ya mninga, na friji ya mafuta ya taa iliyonguruma kama paka. Alikuja kilabuni, akanywa makopo mawili huku akinitazama ninavyohudumia, kisha akauliza kama ningependa kusimama kaunta kwake. Shangazi akajibu: "Mchukue. Lakini Jumapili ni wangu."

Juma la kwanza baa ilikuwa kama hospitali. Watu walikaa kila mmoja na kiti chake, chupa yake, glasi yake, kimya, wanangoja kuitwa na daktari. Mzee alinielekeza hivyo: chupa moja, mtu mmoja, ndivyo wanavyofanya kwenye klabu za Wazungu. Siku ya tatu sikuvumilia. Niliunganisha meza mbili, nikapeleka chupa moja na glasi nne.

"Dada, nani kaagiza hii?" mmoja aliuliza.

"Nyie wote."

Wakatazamana, wakacheka. Hata majina walikuwa hawajaulizana. Mzee alikuwa mlangoni, akaona yote. Nilidhani atanifukuza. Kesho yake alimleta seremala, akaagiza mabenchi.

Baada ya hapo baa ilijaa. Kati ya waliojaa nikaanza kuona nyuso za Temeke, wateja wa shangazi mmoja mmoja. Nilipommiminia bia yule kuli wa togwa, moyo ulinisuta. Jumapili nilimkuta shangazi na pipa ambalo hata nusu yake haijauzwa. "Shangazi, ninakuchukulia watu wako," nilimwambia.

"Wanakula kabla ya kunywa?"

"Wengine hawali."

"Basi pika supu. Unawaachaje wanywe na njaa?"

Juma lile alikuja mwenyewe kuona, saa kumi alasiri, amejifunga khanga mpya. Wanaume waliomfahamu wakasimama wote. "Shikamoo mama!" "Marahaba, kaeni." Nilimchagulia bia baridi kuliko zote, nikammiminia kwa mikono miwili. Alionja, akakunja uso.

"Mwarobaini huu! Na mnalipia?"

Baa nzima ilicheka. Aliimaliza glasi hata hivyo, polepole, akinitazama ninavyopita kati ya meza, na mara moja tu aliitikia kwa kichwa kuonyesha kuridhika. Sijawahi kusifiwa na mtu nikafurahi kama siku ile.

Masika yaliyofuata alimwachia mama mwenzake wa kilabuni mapipa, akarudi Songea. Nilimsindikiza kituoni. Hakulia, nami nikajikaza mpaka basi lilipopinda kona.

Nilisimama kaunta ile miaka kumi na mmoja, na wasichana wengi walipita mikononi mwangu. Walijifunza upesi kufungua chupa bila kumwaga povu. Kutazama watu kuliwachukua muda zaidi. Siku hizi nikisikia harufu ya kimea cha komoni kilichoanikwa juani, popote nilipo, husimama kidogo kabla ya kuendelea na safari yangu.