Neno la Rais Aliyeondoka

Nilimchukia mwalimu mkuu yule kabla hajanifanyia lolote, na yeye alinichukia kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa msichana wa ziwani, upande wa Mbita, nimetumwa kufundisha shule ya msingi karibu na Kehancha, kwa Wakuria. Siku ya kwanza aliisoma barua yangu, akalikazia macho jina langu, kisha akawaambia walimu wengine, "Wametuletea upinzani." Wakacheka.

Miaka hiyo ya tisini jina la mtu lilitosha kusema anampigia nani kura. Sisi wa ziwani tulihesabiwa wapinzani, hata yule ambaye hajawahi kushika karatasi ya kura. Wao, Wakuria, walihesabiwa watu wa serikali. Picha ya rais ilining'inia juu ya kiti cha mwalimu mkuu, na kila asubuhi aliipangusa kwa leso yake mwenyewe. Choo cha wasichana hakikuwa na mlango.

Nilifundisha darasa la saba historia na uraia. Mpaka haukuwa mbali, na nusu ya watoto walikuwa na shangazi au babu ng'ambo, Tanzania. Walivuka kwenda arusi na matanga, wakarudi bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo mwaka ule rais wa jirani alipomaliza muhula wake wa pili akaondoka, habari ile sikuisikia kwanza redioni. Niliisikia darasani.

"Mwalimu," alisema msichana mmoja wa dawati la mbele, mtoto wa mkulima wa tumbaku, "yule wa kule ameenda. Hakufukuzwa. Amemaliza tu, akaenda. Wetu ataenda lini?"

Ningeweza kuwaambia wafungue ukurasa unaofuata. Badala yake nikasema, "Andikeni tofauti za urais wa kwetu na wa kwao. Andikeni mnachokijua."

Wakaandika. Mmoja alisema kwetu rais ni mtukufu, kule ni ndugu. Mwingine alisema shangazi yake aliwahi kukosa sabuni kule, na kwetu sabuni haijawahi kuisha dukani, kwa hiyo wetu ni bora. Nikampa alama, alikuwa amefikiri. Yule msichana aliandika hivi: "Wao wana neno rais mstaafu, na sasa wanao wawili. Sisi neno hilo hatulitumii, kwa sababu wa kwanza alikufa kazini na wa pili bado yuko."

Nilichukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya vema, nikaandika "Vizuri sana."

Niliishi nyumba moja ya vyumba viwili na mwalimu wa hesabu wa darasa hilohilo. Yeye ndiye aliyekiona kitabu cha msichana chenye jibu lile, akakipeleka ofisini. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, akiwa ameinamia jiko, anapuliza makaa. "Sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nikinyamaza halafu ijulikane, watasema tulikuwa pamoja." Tuliishi wiki mbili zaidi ndani ya vyumba vile viwili bila salamu. Kila mmoja alipika chakula chake, akafunika sufuria yake.

Tuliitwa kwa D.O., mkuu wa tarafa. Mwalimu mkuu alikuwepo, baba wa msichana alikuwepo, na msichana mwenyewe alisimama ukutani na sare yake. D.O. alikuwa anakunywa chai.

"Nani amemfundisha mtoto huyu maneno haya?"

"Mimi," nikasema. "Niliandika ubaoni, akanakili."

Mwalimu mkuu alikuwa amejiandaa. Akavimwaga mezani vitabu vya wenzake, akavifungua kimoja kimoja. "Na hawa mbona hawakunakili? Walikuwa vipofu?"

D.O. akamgeukia msichana. "Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema. "Lakini si uongo."

Baba yake alimzaba kofi pale pale. D.O. akaendelea kukoroga chai yake kama mtu aliye peke yake.

"Anapigwa kwa jibu sahihi?" nikauliza.

Baba ndiye aliyenijibu. "Nyamaza, mwalimu. Wewe watakuhamisha, utaenda kulala kwenu. Mimi tumbaku yangu naipanda hapa. Chifu wangu ni huyu wa hapa, D.O. wangu ni huyu. Mimi nitahamia wapi?"

Alikuwa na haki, na hilo lilinifanya nimchukie zaidi.

D.O. alitoa sharti. Nisimame mbele ya shule nzima niseme jibu lile lilikuwa na makosa, na mtoto ataachwa asome hadi mtihani. Nikikataa, wote wawili tutafute shule nyingine. Nilikubali. Nilijiambia ni kwa ajili yake, na hata leo sijui kama huo ulikuwa ukweli wote.

Jumatatu, baada ya wimbo wa taifa, nilisimama karibu na mlingoti wa bendera. "Jibu lililoandikwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la saba lilikuwa na makosa," nilisema. "Mimi niliyelisahihisha nilikosea." Mwalimu mkuu akapiga makofi, walimu wakafuata, watoto wakafuata. Msichana hakupiga. Aliniangalia tu, usoni, mpaka waliporuhusiwa kuingia madarasani.

Ijumaa dawati lake lilikuwa tupu. Baba yake alikuwa amemvusha, amempeleka kwa shangazi Tanzania, kabla wakubwa hawajabadilisha nia. Wiki iliyofuata barua yangu ya uhamisho ilifika hata hivyo, kunirudisha ziwani. Nilikuwa nimelipa na sikupewa kitu.

Kabla muongo ule haujaisha nilikutana na msichana yule soko la Migori. Alikuwa mwanamke sasa, amebeba furushi la nguo za mitumba. Aliniamkia shikamoo, kama watu wa kule.

"Marahaba. Kule ulimaliza shule?"

"Walinirudisha madarasa mawili nyuma. Nikachoka."

"Na uongozi wa kule?" Sijui kwa nini niliuliza hilo.

Akainua mabega. "Mkubwa akija tunapangwa juani kama huku. Anayeingia ni wa chama kilekile. Lakini wakati wake ukiisha, anaenda." Akalitua furushi. "Mwalimu, lile jibu langu lilikuwa na kosa gani?"

"Halikuwa na kosa."

"Ulisema lilikuwa na kosa."

"Nilitaka wakuache usome."

"Hukuniuliza," alisema.

Alilipandisha furushi kichwani, akaenda kutafuta gari la mpakani.