Shoka jipya nililolipendea rangi, na jicho la dada yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeona humu watu wengi wanauliza wanunue nyundo gani, panga gani, koleo gani la kukaa nalo nyumbani. Majibu mengi ni utani. Mimi naleta kisa changu kama kilivyo, sijakipunguza wala kukitia chumvi. Anayetaka kucheka acheke.

Nafanya kazi Mtwara mjini, ila kwetu ni Ziwani. Kule yupo mama yangu na dada yangu mkubwa, Somoe, fundi cherehani. Baba alishafariki.

Mwaka juzi mwezi wa sita, shule zimefungwa, binti wa dada Somoe alikuwa ndani, anachezwa unyago. Mliokulia huku mnajua siku ya kumtoa mwali ilivyo. Ndugu wanatoka mpaka Nanyamba, masufuria yanaazimwa kila nyumba, na kuni zinazotakiwa si za mzaha.

Kuni zikawa kazi yangu.

Nyumbani tulikuwa na shoka la mhunzi, aliloacha baba. Mnayajua yale: mpini una kirungu kichwani, na chuma kimechongoka kwa nyuma, kinachomekwa ndani ya kirungu. Jeusi, limechakaa, halina sura. Mimi na umjini wangu nikaona aibu kupasua nalo kuni mbele ya mashemeji.

Nikapita duka la hardware nikachukua shoka jipya. Jekundu, mpini umepakwa vanishi, lina stika ya dhahabu. Sikuligeuza, sikuligonga, sikuuliza kitu. Na wala halikuwa la bei rahisi, msije mkasema nilibana hela.

Mama alipoliona akauliza, "Shoka la baba'ako lina ubaya gani?"

Nikamwambia dunia imeenda mbele. Akaendelea na kazi zake.

Alhamisi nikapasua kuni kidogo tu, kichwa cha shoka kikaanza kucheza. Somoe ndiye aliyesikia kwanza, masikio yake ni ya fundi.

"Mdogo wangu, hilo linalegea."

"Dawa yake maji, dada."

Hapa nisomeni polepole. Kwetu karibu kila nyumba, jembe au shoka likilegea unalilaza kwenye ndoo ya maji. Mti unavimba, unabana, maisha yanaendelea. Nimeona hivyo tangu nina akili zangu. Somoe mwenyewe ndiye aliyeniletea ndoo.

Ijumaa asubuhi nikalitoa. Limebana kweli, nikajisifu. Nikaliegemeza ukutani, nikaenda kuhangaika na masufuria na maturubai. Likashinda pale na jua la kwetu la miezi ile, na upepo mkavu.

Jumamosi mchana nikalishika tena. Sikulijaribu. Niliona limebana jana, basi limebana.

Dada Somoe alikuwa nyuma yangu, hatua kama tano, anapepeta mchele. Nikanyanyua shoka, na mikono ikawa myepesi ghafla. Nikagonga gogo kwa mpini mtupu.

Sikusikia yowe wakuu. Nilisikia ungo unaanguka.

Sitaeleza nilichokiona nilipogeuka. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali mjini, mimi nimempakata kichwa. Madaktari walijitahidi kadiri walivyoweza, ila jicho la kulia halikuwa la kuokoa.

Jumapili mwali akatolewa. Wazee walisema shughuli haiwezi kurudi nyuma, na mimi niliwaelewa. Mama akapiga simu ili Somoe asikie vigelegele. Alikuwa kitandani, amefungwa macho yote mawili, simu nimemshikia sikioni. Nguo aliyotokea mwali alikuwa ameishona yeye, kwa wiki nzima.

Simu ilipokatika akaniuliza, "Kapendeza?"

Mimi nilikuwa pale pale hospitali naye, sijaona chochote. Nikajibu, "Kapendeza sana, dada." Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Baadaye lile shoka nililipeleka kwa seremala mmoja mjini. Alilitazama kidogo tu, akasikitika. Tundu la kuingizia mpini lilikuwa limenyooka kama bomba, wakati shoka zuri tundu lake linapanuka kwa juu, ili mpini ukishapigwa kabari usiweze kutoka. Kabari yenyewe ilikuwa kipande cha bati. Akakwangua vanishi, nyuzi za mti zimekatiza mpini badala ya kufuata urefu wake. Ile rangi ilikuwa inaficha maovu yote.

Na maji? Alisema mti uliovimba kwa nguvu ndani ya chuma ukija kukauka unasinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kumbe nilichokiita dawa ndicho kilichomaliza kazi. Shoka la baba halina mambo hayo, kila ukipiga, chuma kinazidi kuingia kwenye mti. Nililidharau kwa kukosa stika.

Kwa hiyo wakuu, ukienda dukani chagua mpini usiopakwa kitu, au omba ukwangue kidogo. Tazama nyuzi zake. Tazama kabari. Gonga chuma kwa msumari, kizuri kinalia, kibovu kinatoa sauti ya chungu chenye ufa. Nyundo nayo ni hivyo hivyo. Koleo lifungue na kulifunga, likicheza kwenye kiungo liache. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Na kifaa kikilegea, kitoe mpini, weka kabari mpya. Ndoo ya maji waachieni ng'ombe.

Somoe amerudi kwenye cherehani. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Anasema Mungu alipanga. Natamani angenitukana, hata mara moja, nikajua tumemalizana.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, bawaba ya mlango wa jikoni imelegea. Nikachukua nyundo na msumari mmoja. Dada alikuwa kibarazani na wajukuu wa jirani, anawasimulia kitu, wanacheka. Aliponiona na nyundo, akainuka. Akawashika mikono mmoja mmoja, akawaingiza ndani, akafunga mlango na komeo.

Uwanja ni wenu. Mwenye ujuzi wa vifaa aongeze, mwenye kunisema aniseme. Na kama kuna aliyewahi kumuumiza ndugu yake wa damu kwa uzembe, aniambie ilimchukua muda gani mpaka akafunguliwa mlango.