Wa Pili Kutoka Kulia

Mimi sisahau jina la mtu. Niliolala nao chumba kimoja, niliosimama nao mashineni, mama aliyetuuzia maandazi langoni, hata mbwa wa mlinzi wa zamu ya alfajiri, wote ninawajua kwa majina, na wengi kwa majina ya baba zao. Humu siwataji, kwa sababu wana watoto na wajukuu ambao sijawaomba ruhusa. Lakini asije mtu akadhani nimesahau. Hasira yangu yote ninayoieleza hapa imeletwa na mtu mmoja aliyedhani nimesahau.

Alikuja kwangu huku Lushoto wakati wa masika, bwana mmoja wa makamo kutoka Tanga mjini, mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa njia zetu. Mpaka anafika mlangoni alikuwa ameanguka mara mbili, ana tope mpaka kiunoni. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikampa maji ya moto anawe, nikamkaribisha jikoni motoni maana alikuwa anatetemeka. Akanieleza kwamba wanaandaa maonyesho katika jengo moja la zamani kule mjini, ili watu waone Tanga ilivyokuwa na ilivyo, historia yake, uchumi wake na vivutio vyake. Alikuwa ameambiwa ninayo picha ya wanawake wa kiwanda cha kusokota mkonge.

Ninayo. Ilipigwa mbele ya ghala. Tumesimama wanawake kumi na mmoja, nyuma yetu marobota ya nyuzi yamepangwa mpaka juu. Nikaitoa kwenye Biblia ninakoihifadhi, nikaanza kumtajia kutoka kushoto. Huyu binti wa fulani, mtu wa Magoma, alikuwa anaimba mpaka msimamizi anamkataza. Huyu alitoka Bulwa kwenye chai, alisema umande umemwozesha miguu. Huyu Mdigo, mwenyeji wa pale pale Tanga, ndiye aliyetufundisha kupika samaki kwa nazi, maana sisi watu wa milimani tulikuwa tunawachemsha kama viazi. Yule bwana akacheka, akaandika kila kitu katika daftari lake. Nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe siku hii ilikuwa inakuja.

Nikafika kwa wa pili kutoka kulia.

"Huyu mimi simtaji," nikamwambia.

"Umemsahau, bibi?"

Nikacheka. "Mimi nimsahau huyu?" Nikamruka, nikamtaja wa mwisho, ambaye ni mimi mwenyewe. Tukanywa chai, akaipiga picha ile picha kwa simu yake, akashuka zake na tope lake.

Yule niliyemruka ni mama mkwe wangu. Katika nyumba niliyoolewa, mke hatamki jina la mkwe wake. Hulitamki akiwa hai, wala hulitamki akiwa kaburini. Mchungaji aliwahi kuniambia kwamba kutamka si dhambi, nami nikamjibu kuwa najua si dhambi, ni adabu. Nilidhani mtu mzima mwenye pete ya ndoa kidoleni, akimsikia bibi wa Kishambaa anasema simtaji, ataelewa, ataniuliza amwulize nani mwingine. Hapo kosa ni langu, sitamsukumia mtu. Nilicheka mahali nilipotakiwa kueleza.

Mvua zikaisha, mahindi tukavuna. Siku moja jirani yangu, mama anayepeleka kabichi na plamu kwenye masoko ya Tanga, akaja mbio hata kabla hajapumzika safari. "Bibi, nimekuona ukutani." Alikuwa ameingia katika lile jengo kukimbia jua tu, akakuta picha yetu imekuzwa mpaka sisi tukawa wakubwa kuliko yeye. Alikuwa ameipiga kwa simu. Nikavaa miwani, nikaanza kusoma herufi kwa herufi, maana mimi kusoma kwangu ni kwa mwendo wa kobe. Majina yalikuwepo, moja baada ya jingine, kama nilivyomtajia. Wa Magoma yupo. Wa Bulwa yupo. Mdigo yupo. Halafu nikasoma: wa pili kutoka kulia, hajulikani.

Nilimrudishia simu yake. Akaniuliza kama naumwa.

Niseme basi ni nani huyo asiyejulikana.

Ni mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na watoto wadogo na shamba lililoning'inia kwenye mteremko, kila masika linapungua kipande. Wengine wangerudi kwa kaka zao. Yeye aliwaacha watoto kwa mama yake, akatembea mpaka Mombo, akapanda treni kwenda Tanga kuomba kazi kiwandani, wakati ambapo kwetu mwanamke akishuka kwenda mjini watu walisema maneno. Akaitwa maneno yote. Yeye akawa anapandisha sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi, na waliomsema wakawa wa kwanza kuja kupiga hodi. Mwanawe mkubwa alipopata kazi ya ukuli bandarini, kupakia marobota kwenye matishari yanayoyapeleka melini, yeye ndiye aliyekuja kwa baba yangu kunichumbia. Baba akamwuliza binti yake atakaa wapi. Akajibu, "Atakaa ninapokaa mimi, na atasimama ninaposimama mimi." Na kweli, harusi ikiwa haijapoa, nikajikuta nimesimama naye mbele ya mashine.

Watu husema mkonge, mkonge, dhahabu ya Tanga. Mimi naujua kwa vumbi lake. Linaingia puani, linaingia kwenye ugali, ukitema mate asubuhi yana rangi ya nyuzi. Mashine zinanguruma, mnasemezana kwa macho na mikono. Nikiwa bado mgeni wa kazi, mkanda wa mashine ukadaka ncha ya kanga niliyojifunga mabegani. Ukaanza kunivuta shingo. Kitufe cha kuzimia mashine kilikuwa kule mwisho, kwa msimamizi. Mama mkwe hakukimbilia kitufe. Aliingiza mkono wake akaikamata kanga, akaivuta mpaka ikapasuka. Kanga ikanusurika nusu, mimi nikanusurika mzima, na yeye akaacha vidole viwili mle ndani.

Walipokuwa wanamfunga ule mkono, mimi nalia, akanitazama kwa ukali uleule wa siku zote. "Kanga hiyo nilikununulia mimi. Na wewe umekwenda kuipa mashine."

Msimamizi aliandika kwamba ajali imesababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Sisi wanawake tukakaa chini sakafuni, wote, mashine zikanguruma peke yake mpaka karatasi ile ikachanwa. Mama mkwe alirudi kazini kidonda hakijafunga vizuri. Ndiyo maana ukitazama ile picha, mkono wake wa kushoto huuoni. Uko mgongoni kwangu.

Huyo ndiye hajulikani.

Kwa siku tatu sikuongea vizuri na mtu. Siku ya nne nikamwambia jirani, unaposhuka na kabichi zako, mimi nashuka na wewe. Alijaribu kunizuia, akasema magoti yangu hayawezi. Nikamwambia magoti nayaacha hapahapa, nakwenda na mdomo.

Tuliposhusha mzigo sokoni tukaenda moja kwa moja kwenye lile jengo. Pazuri, siwezi kusema uongo. Pamepakwa chokaa, pana baridi, na watoto wa shule walikuwa wamepanga mstari na mwalimu wao. Kabla ya kumtafuta yule bwana nikasema ngoja nisome kwanza, nijue nimekuja kugombana na nini.

Bango la kwanza ni historia. Mjerumani alijenga reli. Mjerumani alileta mkonge. Mwingereza akafanya hivi, akafanya vile. Unaposoma unaona kama mtu mmoja mwenye kofia ndiye aliyeshika sururu. Babu yangu mzaa baba alibeba mataruma ya reli ile begani mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine, na fundi wa koti alikuwa anamshonea mkono mmoja mrefu.

Bango la pili ni uchumi. Bandari ipo, saruji ipo, chuma kipo, mbolea, sabuni, na sasa bomba la mafuta linalokuja kutoka mbali. Pameandikwa kwamba mkonge ulisokotwa, ukafungwa, ukapelekwa ng'ambo. Ulisokotwa na nani? Na viwanda vilipofungwa, pameandikwa vilifungwa, basi. Hakuna neno moja juu ya mwanamke aliyekuta lango lina mnyororo, akarudi milimani na ndoo yake na mafua ya vumbi ambayo hayakumwacha mpaka anazikwa. Watatu katika wale kumi na mmoja nimewazika mimi.

Bango la tatu ni vivutio. Mapango ya Amboni, maji ya moto, magofu ya Tongoni, fukwe. Hayo ni mazuri, waende wakatazame. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pana Lushoto: hewa ya baridi, mandhari nzuri, matunda. Matunda. Reli tulibeba, mkonge tulisokota, meli tulipakia, halafu mchango wetu kwa Tanga ni plamu. Jirani yangu akasema angalau plamu ni zake. Nikamwambia asinichekeshe, nina kazi.

Yule bwana akaitwa. Akanikumbuka mara moja, shikamoo bibi, umefanya vizuri kuja, karibu kiti. Nikakataa kiti. Nikamwonyesha kwa fimbo.

"Hili neno nani amekuambia?"

Akasoma, akanitazama. Akasema kwa upole kwamba mimi mwenyewe sikumkumbuka yule mama, akaona asibuni. Nikamwambia nilisema simtaji, sikusema simjui. Mbele ya watoto wale wa shule nikamweleza habari ya mkwe, nikamweleza habari ya mkanda na vidole. Mwalimu wao akawanyamazisha ili wasikilize. Yule bwana akavua miwani yake. Akasema samahani, bibi, kwao desturi hiyo haipo. Akatoa daftari. "Basi nitajie sasa hivi, nirekebishe."

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo lenyewe. Nilikuwa nimeshuka milima yote ile na hasira yangu, nimeshinda, na jina limenikaa kooni. Mume wangu na wote waliotujua mimi na yeye, walioweza kunitamkia, wamekwisha. Watoto wangu wako mbali, nao wanajua kumwita Bibi tu. Jirani yangu alikuja kuolewa kwetu mkwe wangu ameshazikwa.

"Sema tu, bibi," jirani akaninong'oneza. "Ameshakufa, hasikii."

"Mimi sijafa," nikamwambia. "Mimi nasikia."

Yule bwana alingoja. Sitamwonea, alingoja kwa heshima. Lakini mwisho akasema neno la haki, nalo likanichoma kuliko yote. "Bibi, usipomtaja wewe, sisi tutamjuaje?"

Nilikuwa nataka kumkasirikia nikashindwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiona kutomtamka ni kumtunza. Na wakati wote huo nilikuwa nalisaidia neno lile la ukutani. Mimi na wao tulikuwa tunafanya kazi moja.

Nikamwomba kalamu.

Mimi shule sikwenda. Herufi nilizipatia palepale kiwandani, katika masomo ya watu wazima, baada ya zamu, kwenye meza za kulia chakula, na nguo bado zina vumbi. Adabu niliyofundishwa ilizungumzia mdomo. Juu ya kalamu hakuna mtu aliyeniambia kitu, maana walioiweka hawakufikiria kwamba mkamwana atakuja kushika kalamu. Kama nimekosea nitakwenda kumjibu yeye mwenyewe, na najua atanikaripia kwa kanga kwanza.

Akanipa kalamu na kipande cha karatasi. Nikamrudishia karatasi. Karatasi zinapotea, hilo nimejifunza ofisini kwa watu. Nikamwambia nataka ile kalamu nene anayoandikia maboksi. Akasita, akasema bango ni jipya, wakubwa wake watauliza. Nikamwambia wakiuliza awaambie ni uzembe wa mfanyakazi.

Akacheka bila kupenda, akaileta.

Nikasogea mpaka ukutani. Nikalikata neno lile kwa mstari mmoja, nikaubonyeza, ukatoka mnene. Juu yake nikaanza kuandika jina lake la kwanza, halafu jina la baba yake, halafu kijiji chake. Herufi zikapanda mlima kama kwetu, na moja niliisahau ikabidi niichomeke juu. Nilichukua muda. Hakuna mtu aliyenikimbiza, hata wale watoto. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili, nikaliona, jina ambalo tangu nimeolewa sijawahi kuliona limekaa mahali.

Yule bwana akavaa miwani yake, akasogea karibu. Akalisoma polepole, kwa sauti, akaniuliza kama amelisoma sawasawa.

Nikainamisha kichwa, kama nilivyokuwa nikifanya mkwe wangu akiingia. Kisha nikamwambia alisome tena, kwa sauti zaidi, wale wa nyuma hawakusikia.