Mdomo wa Bibi Pichani

Nimekasirika tangu Jumamosi, na kwa kuwa nyumbani wamechoka kunisikiliza, nakumwagia wewe. Binti yangu huhariri picha kwenye kompyuta. Siku hizi amezama katika zile za rangi nyeusi na nyeupe, mtu akiwa mweusi tii mbele ya anga lenye mawingu mazito. Nilimpa picha pekee tuliyo nayo ya bibi yangu aikuze kwa ajili ya mkutano wa ukoo. Akaniletea Jumamosi jioni, kubwa kama mlango, anga limenuna, bibi kasimama upande kama kivuli. Nikaifurahia. Halafu nikatazama mdomo, nikaona ndonya haipo.

“Mama, nimekasafisha tu,” akasema. “Kalikuwa kamejitokeza pale mdomoni kama doa la picha za zamani.”

Doa! Nilishamsimulia mara nyingi kuhusu kile kipande cha mpingo, mviringo kama kifungo kikubwa, ambacho wanawake wa kwetu kusini walikivaa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa. Lakini kusimuliwa ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Ya bibi aliichonga babu mwenyewe.

Miaka ile ya Ujamaa tulikaa Temeke. Babu alichonga vinyago uani, na vumbi la mpingo lilitufuata mpaka kwenye ugali. Sie watoto tulitumwa kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, tukirudi na sukari ni sherehe, tukirudi bila sukari chai inanyweka hivyo hivyo na kiporo cha muhogo. Bibi aliinywa kwa kikombe cha bati. Kila alipokiinua, ndonya iligonga ukingo wake: tik. Niliamka kwa mlio huo kabla sijasikia jogoo wala redio ya jirani, na nikiusikia najua kumekucha na mambo ni shwari.

Mama aliutaka sana ukuta wa sebule uwe na picha ya mkwewe kama nyumba za wenzetu. Mpiga picha wa mtaani alikuwa na studio yenye pazia lililochorwa maua, ila taa yake ilikuwa imeungua na balbu hazipatikani mjini kote. Filamu nayo ilibakiwa na picha moja. Ikabidi bibi apigwe nje, kwenye uwanja nyuma ya nyumba, jua likielekea kuzama. Akaambiwa alitazame jua. Macho yakamtoka machozi, akageuka upande na hakukubali kugeuzwa tena. Mpiga picha akahamia upande wa pili, jua likawa nyuma ya bibi, akapiga magoti chini kabisa ili mabati ya majirani yasiingie, akabonyeza.

Picha ilipotoka, uso wote ulikuwa giza. Kilichoonekana vizuri ni umbo tu: kilemba, pua, na ile ndonya imechomoza mbele ya anga. Mama nusura alie. Alishachoka na watoto wa mtaani waliokuwa wakimcheka bibi kila akienda bombani.

“Basi nitapitisha brashi hapa mdomoni, hicho kidude kisionekane,” mpiga picha akasema, akitaka kuponya aibu yake. “Bibi ataonekana wa mjini.”

Mama akaitikia upesi. Bibi alikuwa mkekani anasuka ukili, hata hakuinua kichwa.

“Mkikitoa hicho, mnitoe na mie.”

Brashi ikarudi mfukoni. Picha ikatundikwa vile vile, na mama akaizoea.

Sasa fikiria. Alichokikataa bibi kwa mdomo wake, kitukuu wake amekifanya kwa kidole kimoja, tena kwa mapenzi. Niligomba usiku ule mpaka sauti ikakauka. Binti akaapa ataitengeneza upya, lakini mkutano ulikuwa kesho yake asubuhi, kule Mbagala, na picha nyingine kubwa haikuwepo. Tukaitundika. Ukoo mzima ukaisifu. Wakajipiga picha mbele yake, wakaulizana bei ya kazi za binti, na mie nimekaa na hasira zangu kwenye kiti cha plastiki.

Mwishoni akaletwa shangazi, mtoto pekee wa bibi aliyebaki hai, ameshikwa mikono huku na huku. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketishwa mbele ya picha. Aliitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono, akaugusa ule mdomo laini.

“Huyu nani?”

Watu wakacheka kwa huruma, wakasema macho ya shangazi yamekwisha. Binti yangu hakucheka. Mie nikafungua mkoba, nikatoa ile picha ndogo iliyopauka, nikamwekea kiganjani.

Akaisogeza mpaka karibu na pua. Kisha akapiga ulimi kwenye kaakaa, taratibu, akitabasamu: tik.

Vijana wakadhani anataka maji, wakakimbilia kumletea. Katika umati ule tulikuwa wawili tu tuliojua ule ni mlio wa nini, na shangazi amezeeka sana.